Dutu Nyeupe na Damu Inayoilisha: Historia ya Maradhi Yaliyochelewa Kuonekana

Dutu nyeupe huchukua karibu nusu ya ubongo wa mwanadamu. Imeundwa na nyuzi za neva zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine, na weupe wake unatokana na mayelini, utando wenye mafuta unaozizunguka nyuzi hizo na kuongeza kasi ya ishara zinazopita ndani yake. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark walikadiria kwamba nyuzi za aina hii katika ubongo wa mwanamume wa miaka 20, zikipangwa ncha kwa ncha, zingefika kilomita 176,000, na za mwanamke kilomita 149,000. Kufikia umri wa miaka 80, urefu huo huwa umepungua kwa karibu asilimia 45.

Mtandao huu huishi kwa damu. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo uliotulia na hutumia asilimia 20 hivi ya oksijeni yote. Damu hiyo inapopungua, inapokatika au mishipa yake inapoharibika, uwezo wa kufikiri, kupanga, kukumbuka na hata kutembea hudhoofika. Leo hali hiyo hutambuliwa kuwa kundi kamili la maradhi: kudhoofika kwa utambuzi kutokana na mishipa ya damu. Ilichukua zaidi ya karne tatu kulifahamu. Katika muda huo, uzee uliojaa usahaulifu na kuzubaa, ambao watu wa mataifa mengi waliuona kuwa majaliwa ya umri, ulionekana kwa sehemu kubwa kuwa ugonjwa wenye chanzo, na chanzo hicho kwa kiasi fulani kinazuilika.

Wapasuaji wa karne ya 17

Tofauti kati ya dutu ya kijivu na dutu nyeupe ilikwisha kuchorwa na Andreas Vesalius katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543, lakini uhusiano wa ubongo na damu ulikuwa bado giza. Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer wa mji wa Schaffhausen, alichapisha matokeo ya kupasua maiti za watu waliokufa kwa kiharusi. Alikuta damu iliyovuja nje ya mishipa na kuenea ndani ya ubongo. Kwa hiyo ugonjwa uliokuwa ukielezwa kwa nadharia za kale za maji ya mwili ulipata mahali pake palipoonekana kwa macho: ateri iliyopasuka au iliyoziba.

Miaka sita baadaye, mwaka 1664, Thomas Willis wa Oxford alitoa kitabu chake cha anatomia ya ubongo. Msaidizi wake Richard Lower aliingiza rangi katika ateri za shingo ili kuona zinakoelekea, na Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga Kanisa Kuu la St Paul's mjini London, alichora baadhi ya picha. Willis alionyesha kwamba ateri zinazoingia kwenye fuvu hukutana chini ya ubongo na kufanya duara, ambalo hadi leo lina jina lake. Alieleza habari za mtu aliyekuwa na ateri ya shingo iliyoziba kabisa upande mmoja bila kupata kupooza wakati wa uhai wake, kwa sababu njia nyingine zilibeba damu mahali pa ile iliyofungwa. Mwaka 1672 aliandika pia kwamba baadhi ya wagonjwa waliopatwa na kiharusi au kupooza hubaki wakiwa wazito wa akili na wenye kusahau. Uhusiano kati ya mishipa ya damu na akili ulikuwa umeshaandikwa, lakini ukakaa bila kuendelezwa kwa muda mrefu.

Hospitali za wazee za Paris

Hatua iliyofuata ilitokea Ufaransa katika karne ya 19, katika majengo makubwa yaliyohifadhi maelfu ya wazee maskini, hasa Bicêtre na Salpêtrière. Hapo madaktari waliweza kumfuatilia mgonjwa kwa miaka mingi na kisha kuupasua ubongo wake baada ya kifo. Mwaka 1838 Amédée Dechambre alieleza vishimo vidogo vilivyobaki ndani ya ubongo baada ya sehemu zilizokosa damu kulainika na kufyonzwa. Maxime Durand-Fardel alivichunguza zaidi, na mwaka 1842 akaeleza hali nyingine: dutu nyeupe iliyotobokatoboka kama chekecheke, kila tundu likiwa na mshipa mdogo wa damu katikati yake.

Pierre Marie alikusanya elimu hiyo mwaka 1901 alipochapisha uchunguzi wa wazee wa Bicêtre waliokuwa na vishimo hivyo. Wagonjwa wake hawakuwa wameanguka ghafla kwa kiharusi kikubwa. Walidhoofika hatua kwa hatua: mwendo wao ukawa wa hatua fupifupi za kuburuza, usemi ukawa mzito, hisia zao zikabadilika haraka kati ya kilio na kicheko, na akili ikapungua. Kwa mara ya kwanza picha ya mgonjwa aliye hai ilifananishwa kwa undani na uharibifu mdogomdogo uliotapakaa ndani kabisa ya ubongo.

Binswanger, Alzheimer na nusu karne ya kuchanganya mambo

Huko Ujerumani swali lilikuwa jingine. Wodi za wagonjwa wa akili zilijaa watu waliopooza na kupoteza akili kutokana na kaswende, na madaktari walitaka kujua ni wagonjwa gani wenye chanzo tofauti. Mwaka 1894 Otto Binswanger wa Jena, ambaye miaka michache kabla alikuwa amemtibu mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, alieleza wagonjwa ambao dutu nyeupe yao ilikuwa imesinyaa sana huku gamba la juu la ubongo likibaki karibu na hali yake ya kawaida. Alidhani chanzo ni ugumu wa ateri zinazoilisha sehemu hiyo. Binswanger hakutoa uthibitisho wa hadubini. Alois Alzheimer ndiye aliyekamilisha maelezo hayo kwa kuchunguza tishu za wagonjwa wa aina hiyo, na mwaka 1902 aliupa ugonjwa huo jina la Binswanger.

Alzheimer mwenyewe aliandika mengi kuhusu ubongo unaoharibiwa na mishipa migumu kabla hajaeleza, mwaka 1906, ugonjwa mwingine wenye mabaka na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo wa pili kwa jina la Alzheimer mwaka 1910, lakini ulidhaniwa kuwa nadra na wa watu wasio wazee sana. Matokeo yake yalikuwa mabaya kwa elimu. Kwa zaidi ya nusu karne karibu kila mzee aliyepoteza kumbukumbu aliambiwa ana ugumu wa mishipa ya kichwani, iwe mishipa yake ilichunguzwa au la. Ikaaminika kwamba ateri zilizokakamaa huunyonga ubongo wote polepole, na wagonjwa wengi wakapewa dawa za kutanua mishipa ambazo hazikuwarudishia akili. Dutu nyeupe, ambayo Binswanger aliitilia mkazo, ikasahauliwa kiasi kwamba Jerzy Olszewski alipoupitia upya ugonjwa huo mwaka 1962 ilikuwa kama kuufukua.

Kuipima damu inayopita

Dai kwamba ubongo unakosa damu halikuweza kuthibitishwa bila kipimo. Mwaka 1890 Charles Roy na Charles Sherrington, wakifanya kazi Cambridge, walitoa hoja kwamba ubongo wenyewe huagiza damu zaidi pale unapofanya kazi zaidi. Kipimo cha kweli kwa binadamu kilipatikana katika miaka ya 1940 mjini Philadelphia. Seymour Kety na Carl Schmidt walimpa mtu avute kiasi kidogo cha gesi ya nitrasi oksidi, wakalinganisha kiwango chake katika damu inayoingia na inayotoka kichwani. Kijana mwenye afya alionekana kupata takriban mililita 54 za damu kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika.

Njia hiyo ilitoa wastani wa ubongo mzima tu. Kuanzia mwaka 1961 Niels Lassen wa Copenhagen na David Ingvar wa Lund walitumia gesi zenye mionzi, kwanza kriptoni na baadaye zenoni, na kuona sehemu mojamoja. Hapo ndipo ilipodhihirika jinsi mgao ulivyo: kwa uzito ule ule, dutu ya kijivu hupata damu mara tatu hadi nne ya ile inayopata dutu nyeupe. Lassen alieleza pia kwamba mishipa ya ubongo hujibana na kujitanua ili mtiririko usibadilike hata shinikizo la damu likipanda au kushuka kwa kiasi. Kwa mtu aliyeishi miaka mingi na shinikizo la juu, uwezo huo husogea na kupungua, na dutu nyeupe ya ndani hubaki bila kinga shinikizo linaposhuka ghafla.

Vipimo hivyo vilionyesha kwamba watu wenye dimensia, yaani waliopoteza akili na kumbukumbu, wana mtiririko mdogo wa damu. Lakini vilileta swali ambalo halijaisha: je, ubongo hudhoofika kwa kukosa damu, au huagiza damu kidogo kwa sababu umekwisha kudhoofika?

Mjini Boston, C. Miller Fisher alirudi kwenye maiti. Mwaka 1965 alieleza matokeo ya kuchunguza bongo 1,042, ambapo 114 zilikuwa na vishimo vya aina ya Dechambre na Marie. Karibu wenye vishimo wote walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa kukata vipande vyembamba mfululizo na kufuata kila mshipa hadi mwisho wake, Fisher alionyesha kuta za ateri ndogo zilizovimba, zilizojaa mafuta na kupoteza umbo. Huko Newcastle, Uingereza, Bernard Tomlinson, Garry Blessed na Martin Roth walilinganisha bongo za wazee wenye dimensia na wasio nayo, wakaona mwaka 1970 kwamba tishu zilizokufa zikizidi mililita 100 hivi, akili mara nyingi huwa imeharibika. Uchunguzi wao ulionyesha pia kwamba wengi wa wazee hao walikuwa na mabadiliko yale yale aliyoyaona Alzheimer. Mwaka 1974 Vladimir Hachinski, Lassen na John Marshall walihitimisha kwamba mishipa ya damu huleta dimensia kwa kuua sehemu za ubongo, kubwa au ndogo, na siyo kwa kuunyonga ubongo wote. Usemi wa zamani wa ugumu wa mishipa ukapoteza nguvu, na ugonjwa wa Alzheimer ukachukua nafasi ya kwanza.

Mabaka yaliyoonekana kwa wazima

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Hounsfield na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Miaka ya 1980 ikaleta MRI, inayotumia sumaku badala ya eksirei. Mashine hizo zilionyesha jambo ambalo halikutarajiwa: dutu nyeupe ya wazee wengi, hata wasiolalamikia chochote, ilikuwa na maeneo yaliyopoteza uzito kwenye CT na yaliyong'aa kwenye MRI.

Mwaka 1987 Hachinski na wenzake walipendekeza jina la likoaraiosisi, lenye maana ya kuchujuka kwa dutu nyeupe, ili madaktari waitaje hali hiyo bila kudai kwamba wanajua chanzo chake. Mwaka huo huo Franz Fazekas na wenzake walitoa kipimo cha daraja 0 hadi 3 ambacho hospitali nyingi duniani zinakitumia mpaka sasa. Uchunguzi wa Rotterdam, Uholanzi, uliowapiga picha watu 1,077 wa miaka 60 hadi 90 katikati ya miaka ya 1990, ulikuta asilimia 5 tu ndio wasio na baka lolote la aina hiyo katika dutu nyeupe. Kadiri mabaka yalivyozidi, ndivyo fikra zilivyokuwa za polepole, mwendo ukawa wa mashaka, na hatari ya kiharusi na dimensia ikaongezeka.

Ushahidi kwamba mishipa peke yake yatosha kuleta hali hiyo ulitoka katika familia chache. Mwaka 1996 kundi la Paris lililowajumuisha Anne Joutel na Elisabeth Tournier-Lasserve lilitambua jeni la NOTCH3 kuwa chanzo cha ugonjwa wa kurithi unaoitwa CADASIL. Wenye ugonjwa huo huonyesha mabaka mengi katika dutu nyeupe wakiwa bado watu wazima wa umri wa kati, hupata viharusi vidogo vinavyojirudia, na wengi hupoteza uwezo wa utambuzi mapema, hata kama hawana shinikizo la juu la damu. Hitilafu yao iko kwenye ukuta wa ateri ndogo.

Namna uharibifu unavyotokea

Ateri zinazoilisha dutu nyeupe ya ndani hutoka juu ya ubongo na kushuka chini kwa urefu mkubwa zikiwa nyembamba, bila viungo vya kutosha vya kusaidiana. Sehemu iliyo karibu na matundu ya maji ya katikati ya ubongo iko mwisho wa njia hiyo, mfano wa shamba la mwisho kwenye mfereji: maji yakipungua kidogo, ndilo linalokauka kwanza. Mwaka 2004 watafiti wa Kyoto, Japani, walizungushia ateri za shingo za panya vikoili vidogo ili kuzibana bila kuzifunga. Baada ya majuma machache dutu nyeupe iliharibika huku dutu ya kijivu ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Upungufu wa damu wa muda mrefu, hata usioleta kiharusi, ulionekana kuwa sababu tosha.

Seli zinazotengeneza mayelini hazivumilii kukosa oksijeni. Zikifa, nyuzi hubaki uchi, ishara huchelewa au kupotea. Hata hivyo, upungufu wa damu hauelezi kila kitu. Joanna Wardlaw wa Edinburgh na wengine wameonyesha kwamba kuta za mishipa midogo huanza kuvuja, zikiruhusu majimaji na protini za damu kuingia kwenye tishu na kuamsha uvimbe. Mishipa hiyo pia hushindwa kutanuka pale ubongo unapohitaji damu zaidi. Kwa hiyo watafiti wengi wa sasa huona mambo matatu yakienda pamoja: mtiririko mdogo, mishipa isiyoitikia na ukuta unaovuja.

Dalili zinalingana na mahali palipoharibika. Kwa kuwa nyuzi zinazokatika ni zile zinazoiunganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine, mgonjwa huwa mzito wa kufikiri, hushindwa kupanga shughuli zenye hatua nyingi na hupoteza ari ya mambo. Kumbukumbu hudhoofika, lakini mara nyingi akikumbushwa kidogo hukumbuka, tofauti na mgonjwa wa Alzheimer. Kuanguka, hatua fupi na kushindwa kuzuia mkojo huja mapema kuliko wengi wanavyotegemea.

Jina jipya, na Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1990 Hachinski na John Bowler walisema kwamba kungoja dimensia kamili ni kuchelewa. Walipendekeza dhana pana ya kudhoofika kwa utambuzi kutokana na mishipa, inayoanza na udhaifu mdogo unaoweza kugunduliwa wakati bado kuna cha kuokoa. Mwaka 1997 uchunguzi wa watawa wa Kikatoliki nchini Marekani, ulioongozwa na David Snowdon, uliunganisha makundi mawili yaliyokuwa yakishindana: watawa waliokuwa na mabadiliko ya Alzheimer pamoja na vishimo vidogo vya kiharusi walikuwa na dimensia mara nyingi zaidi kuliko wale wenye mabadiliko ya Alzheimer peke yake. Maradhi hayo mawili hukutana katika ubongo mmoja na kuzidishana.

Chanzo kikubwa kinachoweza kubadilishwa ni shinikizo la damu, na historia yake Afrika Mashariki inafundisha. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha vipimo vya watu 1,000 wa magharibi mwa Kenya. Shinikizo lao halikupanda na umri kama la Wazungu. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walionyesha kwamba Waluo waliohama kutoka vijiji vya eneo hilo kwenda Nairobi walianza kupanda shinikizo ndani ya miezi michache, huku chumvi wanayokula ikiongezeka. Uchunguzi wa viharusi Tanzania uliochapishwa mwaka 2010, baada ya kurekebishwa kwa umri, ulikuta wagonjwa wapya 108.6 kwa watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai na 315.9 jijini Dar es Salaam. Huko Hai, Kilimanjaro, dimensia ilikadiriwa mwaka 2013 kuwapata asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi, na dimensia ya mishipa ilikuwa sehemu kubwa yake, ikifuata ile ya Alzheimer.

Kinga iliyothibitishwa

Jaribio la kwanza kubwa kuonyesha faida lilikuwa la Ulaya, Syst-Eur, mwaka 1998: kutibu shinikizo la juu kwa wazee kulipunguza dimensia kutoka wagonjwa 7.7 hadi 3.8 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2019 jaribio la SPRINT MIND la Marekani, lililohusisha watu 9,361, lililinganisha lengo la kushusha shinikizo la juu chini ya 120 na lengo la chini ya 140. Kundi la kwanza lilipata udhaifu mdogo wa utambuzi kwa asilimia 19 pungufu, ingawa upungufu wa dimensia yenyewe haukufikia kiwango cha uhakika. Mabaka ya dutu nyeupe yaliongezeka kwa sentimita za ujazo 0.92 kwa wastani, dhidi ya 1.45 katika kundi la pili.

Dutu nyeupe iliyokwisha kupotea haijapata dawa ya kuirudisha. Kinachoweza kufanywa ni kupunguza kasi ya uharibifu: kudhibiti shinikizo na kisukari, kuacha sigara, kupunguza chumvi, kutembea na kufanya kazi za mwili, na kuzuia kiharusi cha pili kwa aliyepata cha kwanza. Tafiti zilizofuatilia watu kwa miongo kadhaa, kama ile ya wanaume wenye asili ya Japani huko Hawaii, zinaonyesha kwamba shinikizo la umri wa kati ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa hali ya utambuzi uzeeni. MRI bado ni ghali na haipatikani katika wilaya nyingi za Afrika Mashariki, lakini kipimo cha shinikizo cha mkononi kipo hata kwenye zahanati. Mtu wa miaka 45 anayepimwa, akatibiwa na kuendelea na dawa zake, anapata kinga iliyo imara kuliko yoyote ambayo elimu hii imeshaipata kwa dutu nyeupe ya ubongo.